Mama Ana Watu Hana Nyumba, Baba Ana Nyumba Hana Watu

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Tanga, kwenye mkusanyiko wa Siku ya Wazee Duniani. Wengi wameniambia walitaka kuja wakashindwa, nani kwa miguu, nani kwa nauli, nani kwa mvua ya asubuhi ile. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimeacha vicheko tu.

Wazee wangu, shikamooni.

Hamjaitika vizuri. Shikamooni! Naam, sasa nimesikia. Akina mama wameitika kwa sauti, akina baba wameitika kwa kutikisa kofia. Sawa, yote ni majibu.

Mashehe wetu, mapadri na wachungaji, assalaam alaykum, na tumsifu Yesu Kristo. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, asanteni kwa turubai. Na nyie vijana mliowaleta wazazi wenu kwa bajaji halafu mkabaki hapo nje mnachezea simu, sogeeni. Leo nitasema na nyie kuliko mnavyodhani.

Barua ya mwaliko iliniambia nizungumzie ushirikishwaji wa wazee katika jamii. Nimeisoma nikajiuliza, wazee gani? Umoja wa Mataifa ulipoitenga tarehe 1 Oktoba, kwa azimio la Desemba 1990, ulisema wazee. Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Sensa ya 2022 imetuhesabu tukakaribia milioni 3 na nusu. Vizuri sana, tumehesabiwa. Lakini mwangalieni babu wa miaka 72 na bibi wa miaka 72, mtu na mkewe, wamekula sahani moja tangu ujana wao. Je, uzee unawakuta sawa? Wanapungukiwa vitu vile vile? Wanasahauliwa na watu wale wale?

Mimi nimeifanya kazi ya ustawi wa jamii tangu nikiwa binti. Nilianzia Kanda ya Ziwa, nikamalizia hapa Tanga, na sasa nimestaafu, nami naamkiwa na wauza mitumba. Kama kuna jambo moja nimeliona kote nilikopita, ni hili: mama huzeeka akiwa na watu, hana nyumba. Baba huzeeka akiwa na nyumba, hana watu. Msiikimbilie kuiandika kwenye madaftari yenu, maana kauli hiyo ina matobo, na mbele ya safari nitayatoboa mwenyewe. Ila tuanze nayo.

Tuanze na baba.

Kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa reli mstaafu, mtu wa heshima, nyumba yake ya matofali ya kuchoma, mwembe uani, watoto wanne wote wamesoma na wametawanyika mikoani. Mkewe alifariki. Matanga yalijaa, watu walilala uani mpaka mikeka ikaazimwa mtaa wa pili. Arobaini ikapita. Baada ya hapo nilimtembelea kwa sababu jirani alisema mzee hapiki, anakula mihogo ya kununua na maji. Nikamkuta kibarazani, simu ameiweka juu ya kigoda mbele yake. Nikamuuliza, mzee wangu, watoto wanakupigia? Akasema, "Walikuwa wanampigia mama yao."

Fikirieni hilo jibu. Walikuwa wanampigia mama yao. Na nyie vijana mliosogea, najua mnalijua. Unapiga simu nyumbani, unaongea na mama nusu saa: mtoto anaumwa, kodi imepanda, mume ana maneno. Mwishoni unasema, "Haya mama, nipe baba nimsalimie." Baba anapewa simu. "Shikamoo baba." "Marahaba. Hamjambo huko?" "Hatujambo." "Haya, mshike mama yako." Si ndiyo? Miaka 30 ya uzazi inakwenda hivyo, baba anasalimiwa tu kwa simu ya mama. Siku mama akiondoka na ile simu ikazimwa, watoto wanajikuta hawana namba ya baba, na hata wakiwa nayo hawajui waanzie wapi.

Yule mzee nilimwomba anionyeshe majina kwenye simu yake. Fundi umeme. Muuza mkaa. Mtendaji. Wenzake wawili wa kazini, mmoja ameshafariki na hajafutwa. Basi. Alifanya kazi maisha yake yote na mamia ya watu, lakini wale walikuwa watu wa kazi. Siku ya kuagwa walimpa saa ya ukutani na kiinua mgongo, kila mmoja akashika njia. Mkewe ndiye aliyekuwa akijua nani kazaa, nani kafiwa, nani anapelekewa uji. Majirani walikuwa wa mkewe. Ndugu wa mume wenyewe walikuwa wanapita kwa mke! Mzee aliishi katikati ya watu kwa mkopo, mkopeshaji akafa.

Mtaniambia, lakini wanaume wana vijiwe. Wana baraza. Wana bao, dhumna, karata, kahawa na kashata. Tanga hii nani hajui? Kweli, na mimi naiheshimu baraza, naiona kama dawa. Lakini semeni ukweli, akina baba. Pale barazani mnazungumza nini? Simba na Yanga. Bei ya mafuta. Nani atachukua jimbo. Ni lini mara ya mwisho mmoja wenu alisema pale, "Jamani, mkojo unanisumbua, usiku naamka mara tano"? Mnacheka. Mnacheka kwa sababu haijatokea. Mtu anacheza bao na mwenzake miaka kumi, hajui mwenzake jana amekula nini. Akikosekana siku tatu wanasema huenda kasafiri.

Halafu kijiwe kina ada yake, ingawa haijaandikwa popote. Lazima siku moja moja na wewe ununue kahawa ya wenzako. Siku pesa inapokatika kabisa, mwanaume haji kusema sina. Anaacha kuja. Kanzu ikichakaa, anaacha kuja. Mama akiishiwa, humpeleka mjukuu kwa jirani na kibakuli cha kuomba chumvi, na akipewa chumvi anapewa na mchicha na habari za mtaa. Baba akiishiwa anafunga mlango. Wengine wanaita majivuno. Mimi naona ndivyo tulivyomlea: tangu mdogo aliambiwa mwanaume ni mtoaji. Sasa hana cha kutoa, afanye nini mbele za watu?

Na si sisi tu. Japani wamefika mahali mwaka 2021 serikali ikamteua waziri wa kushughulikia upweke, na wale wanaofia ndani peke yao wakagundulika baada ya siku nyingi, wengi ni wanaume. Waingereza walishateua waziri wao mwaka 2018. Australia hawakusubiri waziri. Huko miaka ya 1990 wananchi wenyewe walianza kufungua karakana za wanaume wazee: meza, randa, misumeno, birika la chai. Hawakuwaita wazee waje kuzungumza, maana wasingekuja. Waliwaita waje kutengeneza kitu. Mtu anaranda mbao, mwenzake kashika upande wa pili, hawatazamani usoni, na hapo ndipo maneno yanatoka: mke wangu ameanza kusahau, daktari ameniambia hivi. Leo karakana hizo ziko Australia nzima na zimevuka mpaka nchi nyingine.

Mtendaji wetu yupo hapa. Mtendaji, shule ya msingi ya kata yako ina madawati mabovu mangapi? Usijibu, nimepita kuyaona, yamerundikwa nyuma ya choo. Na hapa mbele yangu nina maseremala wastaafu, mafundi wa reli, mafundi wa viwanda vya mkonge. Wape chumba na misumari. Jumamosi tu. Hiyo ni kazi ya kuwashirikisha wazee kuliko semina kumi za kunywa soda.

Nimemaliza na akina baba? Bado kidogo, nina neno moja la kuchokoza. Mume akifa, mke hubaki mjane. Mke akifa, mume huwa bwana harusi. Mashangazi wanaanza kumtafutia kabla udongo haujakauka. Wanawake huishi muda mrefu kuliko wanaume, na waume zetu walituoa wakiwa wametuzidi miaka, kwa hiyo wajane wazee ni wengi na wagane wazee ni wachache, na hao wachache huoa tena. Mnaona hesabu ilivyo? Sisemi kuoa ni vibaya, ni sunna na ni halali. Ninachosema ni kwamba mwanaume mzee mara nyingi hatafuti mke tu. Anatafuta mtu wa kumuunganisha tena na ulimwengu, wa kupokea zile simu.

Sasa mama.

Mama ana watu. Ana kikundi cha kufa na kuzikana, ana upatu, ana kikoba chenye lile sanduku la kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu. Kanisani, jumuiya ndogo ndogo zinasimama kwa migongo ya akina mama. Msibani mama ana sufuria lake, harusini ana khanga ya sare, mwali akichezwa mama ndiye somo. Nguvu hii si ya jana. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, hakuanza na mikutano ya hadhara. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma Dar es Salaam, vikundi ambavyo wanaume waliviona vya starehe tu, na wanawake wakaingia chama kwa maelfu. Uhuru wa nchi hii ulipita kwenye mitandao ya akina mama.

Basi mama ana watu. Je, ana pa kuwakaribisha?

Kuna sheria nataka muijue. Ni tangazo la serikali namba 436 la mwaka 1963, la sheria za mila. Linasema mjane hana fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na wanawe, kama alivyowatunza wao. Sikieni utamu wa maneno hayo. Kutunzwa na wanawe. Na kama wanawe wamekufa? Kama ni walevi? Kama hakuzaa?

Wanawake wawili wa Kisukuma kutoka mkoa wa Shinyanga walifiwa na waume, ndugu wa waume wakashika mali yote, wao wakatolewa majumbani. Walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 ikasema sheria hiyo inabagua lakini mila haibadilishwi kwa kalamu ya jaji. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa kwa kasoro ya tarehe kwenye hati. Tarehe! Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imewakosea. Na hao, wazee wangu, hawakuwa vikongwe. Walikuwa wanawake wenye watoto wadogo, wenye nguvu za kupanda ngazi za mahakama. Bibi wa miaka 75 mwenye magoti mabovu atapanda ngazi zipi?

Nyie wa pwani mtasema sisi tuna mirathi ya Kiislamu, mjane ana fungu lake. Ni kweli, na fungu hilo limetajwa ndani ya Kitabu: thumni, moja ya nane, kama marehemu ameacha watoto, robo kama hakuacha. Hakuna wa kulipinga. Lakini shehe atanisaidia: nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, thumni yake ni ipi? Ni kipande cha ukumbi pale kwenye kochi. Nimemwona mama hapa hapa mjini, amemuuguza mume miaka, amekaa edda yake miezi minne na siku kumi kwa adabu zote, na edda ilipokwisha watoto wa mke mkubwa wakaleta mnunuzi. Walimpa thumni yake, fedha taslimu, mbele ya mashahidi. Hakuna aliyemdhulumu kwa sheria. Akaikunja ile fedha kwenye pindo la khanga akaenda kukaa kwa mwanawe wa kiume Morogoro, chumba cha uani, na mkwe.

Hapo ndipo kauli yangu inapoanza kutoboka. Maana mama yule alipoondoka Tanga aliondoka na nini? Kikoba kilibaki. Kikundi cha kuzikana kilibaki. Somo zake, mashoga zake, yule jirani wa chumvi na mchicha, wote walibaki. Kule Morogoro anaitwa bibi wa watoto wa fulani, hana jina. Alinipigia siku moja akaniambia, "Huku nikifa watanizika watu nisiowajua." Mwanamke akipoteza nyumba, na watu wake anawapoteza. Watu wake walikuwa pale kwa sababu nyumba ilikuwa pale.

Ndiyo maana nasema na waume mlio hapa, tena mlio hai na mna akili timamu leo. Nyumba mliyojenga pamoja, jina lake na liwemo kwenye hati. Shamba la kijijini hati ya kimila inaruhusu majina mawili. Kumpa mkeo sehemu ukiwa hai ni hiba, na shehe hatakukataza. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa: kupika, kulea, kufua, vyote mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, maana ilionekana fungu lake alishapewa akalitumia ovyo, lakini njia aliifungua kwa wenzake. Ila ile ilikuwa talaka. Talaka mnagawana mkiwa wawili, kila mtu ana mdomo. Kifo mmoja ana mdomo, na huyo mmoja yuko edda.

Kuna jambo gumu sasa, na ninaomba watoto wadogo wapelekwe kule kwenye bembea.

Nilipokuwa Kanda ya Ziwa niliwajua akina bibi waliolala na panga chini ya kitanda. Waliuawa wenzao kwa kuitwa wachawi, na wengi waliouawa kule walikuwa wanawake. Ushahidi ulikuwa nini? Macho mekundu. Mimi nilikaa jikoni kwa bibi mmoja, jiko halina dirisha, kuni zimeisha porini, anapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Moshi ule ni mzito na mchungu, unashika kooni. Nilikaa muda wa ugali kusongwa tu, nikatoka machozi yananitiririka. Yeye amekaa mle tangu ana miaka saba. Ongeza trakoma, ugonjwa wa macho ambao huwapata wanawake zaidi kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Macho yangekuwa na rangi gani?

Sasa vukeni mpaka wa Kenya hapo Horohoro, endeleeni hadi Kilifi kwa ndugu zetu Wamijikenda. Nako wazee wanauawa kwa kuitwa wachawi. Lakini kule wengi wa wanaoandamwa ni wanaume. Ushahidi wao nini? Mvi. Wapo wazee wa Kilifi wanaopaka rangi nyeusi kichwani, si kwa urembo, kwa kutaka kuishi. Kule Ganze, mahali paitwapo Godoma, wapo waliokimbilia kutafuta hifadhi, wamewaacha wake na mashamba.

Upande mmoja bibi mwenye macho mekundu, upande wa pili babu mwenye mvi. Kwa nini? Nenda kaulize nani ana shamba. Kilifi ardhi iko kwa babu, na mwana anayetaka kuuza anaona babu anachelewesha. Usukumani, mjane amebaki peke yake juu ya ardhi ambayo ukoo unaona si yake. Uchawi ni jina tu la kesi ya ardhi ambayo haikupelekwa mahakamani. Sisemi kila mauaji ni ardhi. Wapo wanaoamini kwa moyo wao wote, na waganga wa ramli wanaolipwa kwa kuwaaminisha. Lakini mara nyingi mno nilikuta mtu aliyemtaja bibi ndiye aliyelima shamba la bibi msimu uliofuata.

Warudisheni watoto.

Nina tobo la pili, na hili linawahusu akina mama zaidi, msije mkadhani nimewapendelea. Nimesema mama ana watu. Lakini tuulizane: wale watu wanamtakia nini? Bibi anaitwa harusini kwa sababu anajua kipimo cha pilau la watu 300. Anaitwa kwa binti aliyejifungua kwa sababu anajua kumkanda. Anaachiwa wajukuu watatu, mama yao yuko Dar anatafuta maisha, na wakati ule wa UKIMWI wengi wenu mliachiwa wajukuu moja kwa moja. Mama anashirikishwa kwa mikono yake. Siku mikono ikikataa, siku goti likigoma, nani anamwita? Shughuli inapita mtaa wa tatu anaisikia kwa vigelegele. Kwenye kikoba ameshindwa kununua hisa, wanamwambia kwa upole, bibi wewe pumzika. Pumzika! Kumbe wamemtoa.

Babu akichoka anaachwa kwenye kiti chake, watu wanapita wanamsalimu. Bibi akichoka anakuwa kazi ambayo haifanyiki.

Wenye vikundi, mimi ninawaomba muweke kanuni ndogo tu: mwanachama akifika miaka 70 habanwi na hisa, na kiti chake hakiondolewi. Hasara yenu ni ndogo. Mtasema bibi huyo atasaidia nini? Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi 14. Hakuwa na madaktari wa kutosha, akawafundisha bibi hao namna ya kumsikiliza mtu aliyezidiwa na mawazo, akawaweka kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti yakachapishwa: waliokaa na bibi benchini walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Bibi pale hapiki pilau wala habebi mtoto. Amekaa. Anasikiliza. Goti lake halimhusu mtu.

Kuhusu fedha sitasema mengi, maana mnajua kuliko mimi. Pensheni ya kazini inawafuata walioajiriwa, na waliopata ajira za mshahara enzi zetu wengi ni wanaume. Mama aliyelima, akasuka ukili, akauza vitumbua, mfuko gani unamjua? Zanzibar walilikata hilo fundo Aprili 2016: kila aliyetimiza miaka 70 alipwe shilingi 20,000 kwa mwezi, hakuna kuulizwa uliajiriwa wapi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya wana Inua Jamii, shilingi zao 2,000 kwa mwezi, na tangu 2018 waliotimiza miaka 70 wanaingia bila kupimwa umaskini. Si fedha ya kujengea. Ni fedha ya chumvi kwa bibi, na kwa babu ni ile kahawa ya kijiweni. Huku bara tunaendelea kuidai, na mheshimiwa diwani naona anaandika, aandike kwa herufi kubwa.

La mwisho ni sauti. Tangu enzi za Mwalimu, rais wetu akiwa na jambo zito huwaita wazee wa Dar es Salaam akalisemea mbele yao. Ni desturi nzuri. Mkiona picha za mikutano ile ya zamani, mnaona kofia ngapi na khanga ngapi? Mabaraza yetu ya wazee ya kata ni hivyo hivyo. Tazameni hata hapa. Viti vya mbele vyote vina kanzu na suti. Akina mama wako kwenye mikeka huko nyuma, karibu na masufuria. Hakuna aliyewafukuza mbele, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi, kwamba hakuna aliyehitaji kuwafukuza. Mkutano wa baraza ukiwekwa saa tano asubuhi, mama yuko jikoni na mjukuu anakaribia kutoka shule. Uwekeni saa kumi muone atakayekuja. Na mkiwapa mama nusu ya viti, msiwape kazi ya kusimamia chakula.

Vijana, leo jioni mpigieni baba kwenye namba yake yeye. Msimsalimie tu. Mwulizeni kitu anachokijua, mwulizeni nyumba ile alinunua wapi mawe ya msingi, kisha nyamazeni. Mtapata nusu saa bila kutarajia.

Na kwa leo hii, kabla ya chakula: pale kwenye tenki la maji kuna meza. Wamekaa wasaidizi wa kisheria, mmoja anajua mirathi ya Kiislamu, mmoja sheria za mila na za serikali. Watakaa mpaka saa kumi. Wanaeleza wosia unaandikwaje, mashahidi ni akina nani, na namna ya kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, usije ukapotea kabatini kwa shemeji. Hakuna malipo. Akina baba, nendeni nyie kwanza, na mwende na wake zenu, maana hati ina nafasi ya majina mawili. Aliyesahau miwani aseme, ninayo yangu ya akiba.